Mbuzi ya nazi ya bibi, penseli ya 2B, na vitu tunavyogawana baada ya arobaini (uzi mrefu)

Kifuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nitauleta kwa vipande maana naandikia simu na umeme huku Tanga leo unakonyeza. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mwaka jana tulimzika bibi, mzaa baba. Ilipopita arobaini wazee wakakaa, vitu vyake vikatolewa uani vikapangwa juu ya mkeka. Masinia matatu, sufuria na mifuniko isiyofanana, chemli isiyo na kioo, doti nne za kanga ambazo hazijakatwa hata siku moja, sanduku la bati, kifumbu cha kuchujia tui, na mbuzi. Kwa ndugu zangu wa bara: mbuzi ninayoisema hailii wala haichinjwi. Ni kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno kwa mbele. Unakikalia, unashika kifuu cha nazi, unakuna.

Kugawana kulichukua kama nusu saa. Kanga ziligombewa kidogo. Mbuzi akaichukua shangazi na hakuna aliyefungua mdomo, maana sote siku hizi nazi tunakuniwa kwa mashine sokoni. Nikamwomba shangazi anikopeshe usiku mmoja kabla hajarudi kwake Pangani. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa, akanipa.

Picha nilikuwa nimeshapiga. Nne, za simu, zimetulia kabisa. Nikazitupia kwenye grupu la familia, watu wakaweka makopa na mikono ya dua, yakaisha. Ila nilikuwa na daftari la karatasi nene na kipande cha penseli ya 2B, nikasema ngoja niichore. Nilianza baada ya isha nikidhani ni kazi ya dakika ishirini. Nimesimama saa saba usiku.

Shida ilianzia kwenye meno. Ukitazama picha ya simu unaona meno, basi, umeridhika. Kwenye karatasi hakuna kitu kinaitwa "meno". Kuna jino la kwanza, la pili, la tatu, na kila moja linakudai umbo lake. Nikayahesabu: kumi na saba. Nilipofika la sita nikajishtukia nachora uongo, nayafananisha yote ili nimalize. Nikafuta, nikasogeza taa, nikatazama upya. Meno ya upande wa kushoto yamelika, mengine yamebaki vinundu. Ya kulia bado yanachoma kidole. Nikageuza kibao: pale pa kukalia pamebonyea, tena si katikati, pamebonyea upande.

Asubuhi nikamuuliza baba. Akakaa kimya kidogo, akasema: "Mama alikuwa wa shoto. Alipokuwa mdogo walimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akazoea kulia. Mbele za watu usingemwona. Jikoni peke yake ni jambo lingine."

Miaka thelathini na kitu nimekula wali wa nazi wa mwanamke yule na hilo sikulijua.

Halafu kuna msumari. Uko mguu wa nyuma, mnene kuliko kazi yenyewe, umepigiliwa pale mbao ilipopasuka. Kwetu inajulikana ni mkono wa babu, ambaye alikuwa hodari wa kutengeneza vitu vikawa vibaya lakini vikadumu. Nikauchora nao.

Ndiyo sababu ya uzi. Kuna watu wameifanya hii kuwa kazi ya maisha: kuchora na kupiga picha vitu vya kawaida vya ndani ili wasimpoteze mtu, au mahali, au wakati. Nimewafuatilia miaka kadhaa na sijawahi kuona wakizungumzwa humu. Narudi.

Kamanda Mchuzi

Mkuu nimefungua nikijua kuna mbuzi anauzwa. Sasa hivi nimekaa jikoni nakagua upawa wa mama kama polisi. Endelea, nimeweka kiti.

Kifuu (mleta uzi)

Hahaha, karibu Kamanda. Tuanze na Mjapani.

Anaitwa Ishiuchi Miyako, mpiga picha, amezaliwa 1947. Hilo jina Ishiuchi si la baba yake, ni jina la ukoo wa mama yake kabla hajaolewa. Alilichukua akawa nalo kikazi. Liweke akilini. Yeye na mama yake hawakuwa wakiivana sana. Mama akafariki mwaka 2000, na binti akabaki nyumbani na vitu ambavyo kila aliyefiwa anavijua: nguo za ndani, viatu, meno ya bandia, rangi za mdomo.

Akaanza kuvipiga picha kimoja kimoja. Mfululizo huo unaitwa "Mother's", na mwaka 2005 ndio alioiwakilishia Japani kule Venice kwenye maonyesho makubwa ya sanaa. Picha ninayoirudia mimi ni ya rangi ya mdomo. Unaona mrija umefunguliwa, na rangi yenyewe imeliwa na midomo ya mtu mmoja kwa miaka, ikapata mteremko wake. Hakuna mteremko mwingine kama huo duniani. Wanawake humu mnajua, kila mmoja hulika kwa namna ya mdomo wake. Ni meno ya mbuzi ya bibi yale yale, ila ni mekundu.

Kisha 2007 akaenda Hiroshima, kwenye makumbusho ya amani, akapiga picha nguo za watu waliokuwa mjini siku ya bomu, tarehe 6 Agosti 1945. Wengi tulizizoea picha za Hiroshima kuwa nyeusi na nyeupe, majivu na vifusi. Yeye akapiga za rangi. Magauni yana maua, yana vifungo, mishono ya mkono, viraka. Kuna waliomlalamikia kwamba yamependeza mno. Mimi naona ndipo penyewe: msichana aliyevaa lile gauni alilichagua kwa sababu lilikuwa zuri. Na mpaka leo familia bado zinaleta nguo pale makumbusho, mtu anafariki na wanawe wanafungua sanduku, na mama huyu amekuwa akirudi kupiga picha zilizoletwa.

Hatuzitumi nguo hizo zituambie bomu lilikuwa na ukubwa gani. Hilo limo vitabuni.

Nahodha mstaafu

Mleta uzi, nisaidie hapa. Umesema picha nne za simu hazikukuambia kitu, penseli ndiyo iliyokuambia. Dakika mbili baadaye unamsifu mpiga picha. Shika moja.

Kifuu (mleta uzi)

Umenishika vizuri, Nahodha. Ngoja nijitetee.

Nilichokosa mimi si penseli, ni kukaa. Picha zangu nne zilichukua sekunde nane zote kwa pamoja. Ishiuchi alikaa na vitu vya mama yake miaka. Kamera inaweza kukaa ikitaka, ila haikulazimishi. Penseli inakulazimisha, haina njia ya mkato, ukiruka jino karatasi inakusuta. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, si kwamba moja ni ya kweli na nyingine ya uongo.

Bint Kisauni

Naunga mkono na naongezea. Nyinyi mmeikuta picha ya simu. Sisi wa zamani picha ilikuwa na subira yake. Mkanda una picha 36, unapiga harusi, unapiga Idi, zimebaki tatu unaziogopa. Ukimaliza unapeleka kusafisha, unaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa unaambiwa mashine mbovu. Mpaka uje uone sura yako umeshabadilisha msuko. Na nyuma ya picha unaandika kwa kalamu ya wino "Kwa ukumbusho wa daima", unampa mtu.

Halafu hapa Mombasa mchoro na picha vililala kitanda kimoja. Waliopita Likoni miaka ya 90 watakumbuka vibanda vya wapiga picha pale kivukoni. Unasimama mbele ya pazia lililochorwa kwa rangi: meli, ndege, majumba ya ghorofa, maua makubwa kuliko mtoto. Wengi wa wale wapiga picha walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta. Nina picha ya marehemu kaka yangu amesimama kando ya ndege ambayo bawa lake moja ni fupi, maana kitambaa kiliwaishia. Ukiniuliza leo kaka alikuwa na uso gani nitasitasita. Lile bawa nalikumbuka.

Kifuu (mleta uzi)

Bint Kisauni, hilo bawa limeniua. Na "kusafisha picha" ni neno ambalo sijui kwa nini tumeacha kulipenda. Kana kwamba picha ilikuwepo muda wote, imejaa tope tu, fundi anaisuuza.

Umenikumbusha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake 1948. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe, lina matamvua. Likichakaa anaweka jingine, kila baada ya miaka miwili mitatu. Baadaye dunia ilipomgundua uzeeni na kuanza kumuuliza picha hii ya mwaka gani, alikuwa akitazama kitambaa cha nyuma. Watu waliokuja kwa fahari zao wote, saa mkononi, redio pembeni, kalamu mfukoni, tarehe yao imeshikwa na shuka. Na zile redio na saa, nyingi zilikuwa za studio. Unaazima, unapigwa, unarudisha.

Zanzibar nako ipo Capital Art Studio, Mji Mkongwe, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaishika baada yake. Ukipita pale usitazame tu masultani na sherehe. Tazama wale wasio na jina, walivyoshika mkoba.

Mpemba halisi

Ukishataja Zanzibar na hujamtaja Lubaina Himid nitakudai. Kazaliwa Unguja 1954, baba yake akafariki kwa malaria yeye akiwa mtoto wa miezi, mama akamchukua wakaenda Uingereza. Mwaka 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuishinda.

Kazi yake ya kutazama kwa mada hii ni ya 2007: "Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service". Vyombo mia moja vya mezani. Sahani, majagi, bakuli za supu zenye mifuniko, vyote vikuukuu, kavikusanya kwenye maduka ya mitumba na masoko ya mji wa Lancaster na miji ya jirani, kisha akachora juu yake kwa rangi. Lancaster ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Basi juu ya sahani hizo utawaona watumishi weusi, nyuso zimetulia, wana hadhi, na kwenye sahani nyingine unaona mabwana na mabibi wa Kiingereza wanatapika. Ile ilikuwa miaka 200 tangu Bunge lao lipige marufuku biashara hiyo 1807, wenzake wanatengeneza minara ya heshima, yeye anaandika juu ya sahani ya kulia chakula.

Na kanga pia amezichora, na maneno yake. Mtu aliondoka hajajua kusema, lakini kanga imemfuata.

Kifuu (mleta uzi)

Deni limelipwa, tena na riba. Mimi Himid ninayempenda zaidi ni yule wa droo. Anachukua droo kuukuu la kabati la mtu asiyemjua, anachora uso wa mtu ndani yake, kwenye sakafu ya droo. Ukilivuta unakutana naye. Nadhani kila mmoja wetu kuna droo anaogopa kulivuta.

Kamanda Mchuzi

Mimi ni la juu, upande wa dirisha. Tuishie hapo.

Mtu wa penseli HB

Jamani mimi ni mgumu kuelewa. Mtu mzima na akili zake anachora kigoda cha nazi mpaka saa saba, sawa, amefiwa. Lakini mtu kulipwa kwa kuchora vijiko? Hizi si starehe za walioshiba?

Kifuu (mleta uzi)

Swali halali, nilikuwa nalisubiri. Naomba nikuletee mtu mmoja tu, ukibaki na msimamo wako sitakusumbua tena.

Vija Celmins. Kazaliwa Riga, Latvia, 1938. Vita vikawafagia, wakakimbia 1944, wakaishi ukimbizini Ujerumani, mwaka 1948 wakafika Marekani. Mtoto wa miaka kumi, lugha hajui. Akawa mchoraji, na mwaka 1964 akiwa kijana mwenye studio Los Angeles akaacha kuhangaika na mitindo ya wakati ule, akachora vilivyokuwemo chumbani: taa, hita, jiko la umeme la kuchemshia. Kila kimoja peke yake, rangi ya kijivu, hakuna kitu kingine. Hita imewaka, ule waya wake mwekundu ndio joto pekee kwenye picha nzima.

Baadaye akaanza kuokota mawe, kaskazini mwa New Mexico, pembezoni mwa mto Rio Grande. Mawe ya kawaida, unaloweza kumtupia mbwa. Akachagua kumi na moja. Akayatengenezea mfano kwa shaba nyeusi, moja moja, kisha akaipaka rangi ile shaba, doa kwa doa, mshipa kwa mshipa, mpaka mfano na jiwe havitofautiani. Alianza 1977, akamaliza 1982. Mawe kumi na moja, miaka mitano. Yamewekwa pamoja, ishirini na mawili, na wewe unasimama hapo unatafuta lipi Mungu aliliumba. Kazi inaitwa "To Fix the Image in Memory", yaani kuikaza sura isitoke kichwani.

Sasa rudi kwenye swali lako. Kushiba? Huyu ni mtu aliyepoteza nchi nzima kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Akashika jiwe moja akasema hili silipotezi. Hakusema kwa maneno, hapendi hata kuelezwa hivyo, mimi ndiye ninayemsemea na nitalibeba. Lakini mtu hakai miaka mitano na jiwe kwa sababu ya shibe.

Mtu wa penseli HB

Kwenye mawe umenipata. Vijiko bado.

Ustadh wa Makorora

Assalaam alaykum. Sitaki kuharibu uzi, ni mzuri. Ila mkumbuke kuna wazee wetu wa pwani picha na michoro waliiangalia kwa jicho jingine, wapo waliokataza picha za marehemu kutundikwa ukutani. Mnaliweka wapi hilo?

Kifuu (mleta uzi)

Wa alaykum salaam, Ustadh. Unalifufua jambo ambalo nimelelewa nalo. Nyumbani kwetu picha ya babu iko ndani ya sanduku, haijawahi kuona ukuta. Ubishi mkubwa wa wazee ulikuwa kwenye vyenye roho. Kitu cha ndani hawakukigombania, ndiyo maana milango yetu imejaa maua, minyororo na mawimbi ya mchongo na hutakuta sura ya mtu.

Nilimuuliza babu yangu mdogo, mtu wa msikitini asubuhi na jioni, kabla sijaanza. Akacheka. Akasema chora mbuzi ya nazi, mbuzi wa miguu minne muache.

Na nikuambie, hapo ndipo nilipoona hii njia ya vitu inatufaa sisi pengine kuliko wengine. Nyumba isiyotundika sura ya bibi inaweza kutundika kifumbu chake.

Mutu wa Katanga

Bonjour ba ndugu. Mi niko mutu wa Lubumbashi, munivumilie Kiswahili yangu. Kwetu miaka ya 1970 watu wa kazi ya mukuba (shaba) walikuwa wanatundika mu salon picha za kupaka rangi: mamba muntu (nusu mutu, nusu samaki), treni, usine (kiwanda), na ile ya Colonie Belge, askari anapiga mufungwa na bwana Mubelgiji anaangalia. Jina yake tulikuwa tunaita ukumbusho. Si kwa sababu ni muzuri. Ni ya kukumbusha. Mugeni anaingia, anaona, masimulizi inaanza.

Na musisahau Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, 1978. Mu mwaka 2006 alitengeneza "Mémoire". Alikamata picha za zamani za kampuni ya mukuba, wafanyakazi ba wakati wa Wabelgiji, akabakata, akabaweka juu ya picha za leo za mashine zenye kuanguka. Batu ni weusi na weupe, kutu ni ya rangi. Baba yangu alitumika kule. Aliangalia ile picha, hakuangalia batu, alionyesha kidole tu: "Ile cheminée." Ni bomba ya moshi.

Kifuu (mleta uzi)

Kaka wa Katanga, Kiswahili chako hakihitaji kuvumiliwa. Umetuletea neno tulilokuwa nalo mfukoni tunalitafuta: ukumbusho. Sisi huku tumelifanya la nyuma ya picha za pasi na mawe ya msingi. Kwenu likawa aina ya picha kabisa. Na wale vijana wa Lubumbashi walipoanzisha kituo chao cha sanaa 2008 hawakukipa jina la Kifaransa, walikiita Picha. Neno letu sote.

Mama Wawili wa Moro

Mimi nimesoma yote nikiwa nasonga ugali. Swali langu la kitoto: nataka kuanza na mwiko wa mama, mama bado yupo hai. Sijui kuchora kabisa. Simu yangu ni ya kawaida. Nifanyeje?

Kifuu (mleta uzi)

Mama Wawili, hili ndilo swali bora la uzi mzima, kwa sababu ya yale maneno mawili: bado yupo.

Picha kwanza. Usiwashe mwanga wa simu, unaua kila kitu. Peleka mwiko mlangoni asubuhi au jioni, mwanga uje kwa ubavu; michubuko na mibonyeo huonekana kwa mwanga wa ubavu, ukimulika kwa juu vinalala. Weka kiberiti pembeni ili mtu wa baadaye ajue ukubwa. Piga mbele, nyuma, na pale mkono unaposhika, hapo piga karibu kabisa. Kisha zisafishe kwenye karatasi, hata mbili tu. Zangu za miaka sita zilizama na simu moja, na nilikuwa najiona mjanja.

Kuchora: karatasi ya manila, penseli 2B, wembe wa kuchongea. Chora unachokiona, si mwiko unaoujua. Ukijishika unachora haraka, simama, umeanza kudanganya. Usione aibu ukipinda. Na chora mama akiwepo. Atakuchamba kwa kukosea, na katika kuchamba ndimo atakamokuambia mwiko ulitoka wapi.

Na raba usiiogope. Hapa namleta wa mwisho. William Kentridge wa Johannesburg, kazaliwa 1955, huchora kwa mkaa. Anabandika karatasi ukutani, anachora, anatembea mpaka kwenye kamera, anapiga fremu moja au mbili, anarudi, anafuta kidogo, anachora kidogo, anatembea tena. Siku nzima, majuma. Ukiunganisha zile fremu mchoro unatembea. Lakini mkaa haufutiki wote. Kila kilichokuwepo kinaacha kivuli cha kijivu nyuma ya kilichopo, mtu akitembea anaburuta alikotoka. Katika filamu yake ya 1991, "Mine", tajiri wa machimbo yuko kitandani anakunywa kahawa asubuhi. Anabonyeza kile kishikio cha birika la kahawa. Kinashuka, kinapita sinia, kinapita kitanda, sakafu, udongo, kinaendelea kushuka mpaka chini kwenye shimo walikolala wachimbaji. Chombo cha kahawa! Hakuna hotuba itakayonieleza uchumi wa dhahabu wa Afrika Kusini vizuri kuliko birika lile.

Mtu wa penseli HB

Haya, vijiko nimekubali. Nimechora kimoja. Kinafanana na koleo.

Bint Kisauni

Tupia picha tukione hicho koleo.

Kifuu (mleta uzi)

MREJESHO, wiki tatu baadaye. Wakuu nimerudi, kuna jambo.

Nilimtumia shangazi kule Pangani picha ya mchoro wangu. Alikaa siku mbili bila kujibu, nikajua hakupenda. Juzi usiku ikaingia sauti yake, dakika sita. Nyuma unasikia mtu anakuna nazi, kumbe mbuzi inafanya kazi.

Ameanza na salamu, ameuliza watoto, amelalamikia bei ya samaki. Halafu:

"Mchoro wako nimeuona. Umechora vizuri mwanangu, ila msumari umekosea. Na huo msumari si wa babu yako. Nani kakwambia? Niliupigilia mimi. Nilikuwa na miaka tisa, mama kaenda hitmani, mimi nikaifanya mbuzi farasi, ikapasuka mguu. Nikachukua msumari wa mlangoni, nyundo sikuipata, nikapiga kwa mchi. Ukapinda. Wewe umeuchora umenyooka."

Nikampigia. Nikamuuliza, bibi alijua?

"Alirudi, akaikalia, akakuna nazi yake. Akamaliza. Akaniambia kesho usipige kwa mchi, kaazime nyundo kwa jirani. Basi. Wakisema watu ni kazi ya babu yako, alikuwa anacheka tu."

Nimezitazama tena zile picha nne za simu, kwa kuvuta. Ni kweli, kichwa cha msumari kimelala upande, na pembeni yake kuna alama mbili za duara kwenye mbao, pale mchi ulipokosa. Vilikuwemo muda wote. Nahodha, hapo kamera imenishinda, chukua pointi yako.

Leo baada ya isha nimechukua raba nikaufuta ule ulionyooka, nikauchora uliopinda, na zile alama mbili. Karatasi imechubuka kidogo, na wa kwanza bado unaonekana kwa mbali chini yake. Sijauhangaikia.